Kiti Kimoja, Malkia Wengi: Uhakiki wa Lugha ya Kuwahukumu Waimbaji wa Kike wa Muziki Pendwa, kwa Kurejelea Hadhira ya Mpanda, Mkoa wa Katavi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumiwa kuwahukumu, kuwalinganisha na kuwatukuza waimbaji wa kike katika muziki pendwa wa Tanzania. Hadhira inayorejelewa ni ile ya Mpanda, mji ambao wakazi wake wametoka katika jamii nyingi na hukutana katika Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba lugha hiyo humpima mwimbaji wa kike kwa vile alivyo, yaani kiti anachokalia, mtu anayedhaniwa kumbeba na mwili wake. Kile anachokitengeneza hakipimwi. Makala yanaonesha pia kwamba hadhira hiyohiyo ina msamiati wa kupima ufundi, na kwamba jadi ya taarabu imewahi kuwa na ulinganishi uliofanyika ndani ya sanaa yenyewe. Yanapendekeza wahakiki wa fasihi na muziki wa Kiswahili watoke katika kumchunguza mwanamke kama taswira ndani ya wimbo na kumchunguza kama mtenda wa wimbo.

Maneno muhimu: muziki pendwa, uhakiki, mwimbaji wa kike, upeo wa matarajio, taarabu, bongo fleva, Katavi

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao makuu yake ni mji wa Mpanda. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 katika eneo hilo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Ongezeko la zaidi ya maradufu katika miaka kumi haliwezi kuelezwa kwa uzazi peke yake, kwa kuwa Katavi ni mkoa wa wahamiaji. Wabende, Wapimbwe na Wakonongo wanaishi pamoja na Wafipa, Waha na Wasukuma waliohamia na mifugo na mashamba yao. Zipo pia familia zenye asili ya Burundi katika maeneo ya Katumba na Mishamo, ambazo nyingi kati yake zimekwisha kupata uraia wa Tanzania.

Kwa mhakiki wa muziki, hali hii ina maana mahususi. Hadhira ya Mpanda haina ngoma moja wala lugha moja ya mama. Inaunganishwa na Kiswahili na nyimbo za Kiswahili zinazoifikia kwa redio, simu, spika za vibandani na za mabasi. Pamoja na nyimbo hizo huja lugha ya kuzisifu na kuzikashifu. Msikilizaji wa Mpanda anapomwita mwimbaji fulani malkia, au anaposema kwamba mwingine anabebwa, anatumia maneno yaliyotengenezwa kwa sehemu kubwa Dar es Salaam na Zanzibar. Hata hivyo, anapoyatumia kumhukumu binti wa jirani anayeimba, maneno hayo huwa ya kwake, na matokeo yake huwa ya hapohapo.

Uhakiki huu hautumii takwimu za hojaji. Unachunguza majina ya sifa, kauli zinazosikika hadharani na matukio yaliyomo katika kumbukumbu za umma. Unaongozwa na nadharia ya upokezi ya Hans Robert Jauss, hususani dhana yake ya upeo wa matarajio. Kwa mujibu wa dhana hiyo, hadhira huikabili kazi ya sanaa ikiwa tayari na matarajio yaliyojengwa na kazi zilizotangulia, na thamani ya kazi huonekana katika namna inavyokutana na matarajio hayo. Swali la makala haya ni hili: pale ambapo matarajio ya hadhira yanamhusu mtu badala ya kazi, je, kazi husikika?

Swali hili linawahusu watafiti moja kwa moja. Tafiti nyingi za Kiswahili kuhusu muziki na jinsia zimejikita katika usawiri wa mwanamke: anachorwaje katika nyimbo, anaitwa nani, anadhalilishwaje. Kazi hizo zina umuhimu wake. Lakini zimejenga mazoea ya kumtazama mwanamke ndani ya wimbo, wakati mazungumzo ya mitaani humtazama nje ya wimbo. Katikati ya mitazamo hiyo miwili anapotea mwanamke anayeutunga na kuuimba wimbo.

2.0 Msikilizaji Mmoja, Lugha Mbili

Kabla ya kuichambua lugha ya mitaani, ni muhimu kuonesha kwamba hadhira inayorejelewa haikosi uwezo wa kupima ufundi. Ushahidi wa karibu unapatikana katika kwaya. Mpanda ni makao ya jimbo Katoliki lililoanzishwa mwaka 2000, na yapo makanisa ya madhehebu mengine yenye kwaya za viwango mbalimbali. Baada ya ibada, waumini huzungumza juu ya uimbaji kwa istilahi zinazoeleweka: soprano, alto, tena na besi. Husemwa kwamba alto walishuka, kwamba soprano waliufunika wimbo, kwamba mwalimu aliuanza kwa ufunguo wa juu mno, au kwamba ubeti wa tatu ulikimbizwa. Wasemaji wengi hawakusoma muziki darasani. Wamejifunza kwa kusikiliza na kwa kuimba.

Katika mazungumzo hayo sauti ya mwanamke ni sauti kwanza. Kosa lake lina jina, na uzuri wake una jina. Haina maana kwamba kwaya ni mahali pasipo na ubaguzi. Ndoa, mavazi na mwenendo wa mwimbaji wa kike hujadiliwa huko pia, na mara nyingi mwalimu wa kwaya huwa mwanamume. Hata hivyo, msamiati wa ufundi upo na hutumika kwa jinsia zote mbili.

Mashindano ya shule nayo yanaonesha jambo hilo. Katika UMISSETA, kwaya na ngoma hupimwa na waamuzi wanaotakiwa kugawa alama kwa vipengele vya kazi. Mwamuzi anaweza kukosea au kupendelea, lakini analazimika kutaja kipengele.

Jioni ya siku hiyohiyo, msikilizaji huyohuyo akikaa mahali panapopigwa bongo fleva na sauti ya mwanamke ikasikika, msamiati hubadilika. Hazungumzii tena ufunguo wala mpangilio wa sauti. Huuliza mwimbaji yuko na nani, anamzidi nani, amenenepa au amekonda, na nani anamtungia. Sikio ni lile lile, bali lugha imebadilika. Kwa hiyo tatizo haliwezi kuelezwa kuwa ni ujinga wa hadhira. Ni tatizo la upeo wa matarajio: hadhira imefunzwa kutarajia ufundi mahali pamoja na mtu mahali pengine.

3.0 Maneno Matatu ya Hukumu

3.1 Malkia

Sifa inayotolewa mara nyingi zaidi kwa mwimbaji wa kike ni umalkia. Khadija Kopa anajulikana kama Malkia wa Mipasho. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Tshala Muana wa Kongo, aliyefariki Desemba 2022, alijulikana kama Malkia wa Mutuashi. Nandy aliita albamu yake ya mwaka 2018 The African Princess, jina linaloutaja ukoo uleule wa kifalme kwa ngazi ya binti.

Umuhimu wa majina haya unaonekana yanapowekwa kando ya majina ya wanaume. Marijani Rajab aliitwa Jabali la Muziki. Remmy Ongala aliitwa Dokta. Muhidin Gurumo aliitwa Kamanda. Joseph Haule anajulikana kama Professor Jay. Majina hayo yanataja uimara, elimu, tiba na uongozi wa mapambano, yaani mambo yanayopatikana kwa kazi na yanayoweza kuwa ya watu wengi kwa wakati mmoja. Nchi inaweza kuwa na maprofesa mia, na hakuna anayemvua mwenzake joho.

Umalkia ni tofauti. Kiti chake ni kimoja. Akitajwa malkia mpya, swali linalofuata papo hapo ni nani ameondolewa. Hivyo sifa yenyewe hubeba ugomvi ndani yake. Mwimbaji wa kike anayechipukia haambiwi kwamba ameingia katika kundi la mafundi. Huambiwa kwamba amekuja kumng'oa fulani. Aidha, malkia hatambuliwi kwa kazi aliyoifanya bali kwa nafasi aliyonayo. Sifa hiyo inatukuza bila kueleza.

Ni kweli kwamba wanaume nao huitwa wafalme; Alikiba anaitwa King Kiba, na marehemu King Kiki aliibeba sifa hiyo kwa miongo kadhaa. Tofauti ni kwamba kwa wanaume ufalme ni jina moja kati ya mengi, ilhali kwa wanawake umalkia umekaribia kuwa jina pekee la ukuu. Mifano inayotoka nje ya mkondo huo inastahili kuzingatiwa. Lady Jaydee anaitwa Komando, jina la uvumilivu na mafunzo, nalo linaafiki safari ya mwanamke aliyeanza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa albamu ya Machozi na akaendelea kufanya kazi wakati wengi wa rika lake wamenyamaza. Vilevile neno Bi katika majina ya Bi Kidude na Bi Shakila linatoa heshima ya umri na malezi, na halimwondoi mtu mwingine kitini.

3.2 Anabebwa

Neno la pili ni la kushusha. Mwimbaji wa kike akifanikiwa, mara nyingi husemwa kwamba anabebwa: na lebo, na mtayarishaji, na mzazi au na mwanamume. Zuchu ni mfano ulio wazi. Alitambulishwa na lebo ya WCB Wasafi Aprili 2020, na ni binti wa Khadija Kopa. Mambo haya mawili ni ya kweli na yana umuhimu katika kuelewa kazi yake. Suala ni matumizi yake katika hukumu. Mwanamume aliyetoka katika lebo hiyohiyo husimuliwa kama mtu aliyepata nafasi, akajifunza kazi na kisha akajitegemea. Kwa mwanamke, lebo hugeuka kuwa maelezo ya kila kitu, hata ya sauti yake.

Hoja ya nasaba ina udhaifu zaidi. Katika jadi za muziki wa Afrika Mashariki, kuzaliwa katika nyumba ya waimbaji ni njia ya mafunzo. Mtoto wa mpiga ngoma hujifunza ngoma, na hakuna anayesema kwamba amebebwa na baba yake. Khadija Kopa anaposikika pamoja na binti yake katika wimbo wa "Mauzauza", uliomo katika kazi ya kwanza ya Zuchu ya mwaka 2020, msikilizaji makini anapewa nafasi ya kulinganisha sauti mbili za skuli moja: namna ya kuivuta irabu, ya kupamba mwisho wa mstari na ya kumsema mtu bila kumtaja. Anayesema anabebwa ameukaribia ukweli wa kisanaa kisha akageuka mlangoni. Ameona kwamba kuna urithi, lakini hakuuliza ni urithi wa nini.

3.3 Anajitahidi

Neno la tatu linaonekana kuwa la upole: kwa mwanamke, anajitahidi. Husikika zaidi katika fani zinazodhaniwa kuwa za kiume, hususani hip hop. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Zay B na Sister P walikuwa miongoni mwa wanawake wachache waliorap kwa Kiswahili na kusikika nchi nzima. Mazungumzo mengi juu yao yalihusu uhasama kati yao. Wanaume waliorap wakati huo walipimwa kwa vina, kwa ujumbe na kwa mtiririko. Wawili hawa walipimwa kila mmoja kwa mwenzake, kana kwamba uwanja wa wanawake ulikuwa na nafasi moja tu ya kugombewa.

Sifa ya kujitahidi inapunguza kipimo kabla ya kupima. Mwimbaji dhaifu husamehewa asichopaswa kusamehewa, na mwimbaji hodari hunyimwa ushindi alioupata. Katika hali zote mbili kazi haikusikilizwa.

4.0 Ulinganishi wa Ndani na wa Nje ya Sanaa

Isidhaniwe kwamba makala haya yanapinga ulinganishi. Uhakiki hauwezekani bila kulinganisha, na mashindano ni sehemu ya uhai wa muziki wa eneo hili. Kinachohitaji kutofautishwa ni ulinganishi unaofanyika ndani ya sanaa na ule unaofanyika nje yake.

Mfano mkongwe wa aina ya kwanza ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri na aliyefariki mwaka 1950. Katika Wasifu wa Siti binti Saad, Shaaban Robert anasimulia jinsi wapinzani walivyomcheka kwa sura na kwa nasaba yake duni, na jinsi alivyojibu kwa wimbo ulioitanguliza akili mbele ya sura. Ulinganishi aliofanyiwa ulikuwa wa nje ya sanaa: uso na ukoo. Jibu lake liliurudisha ndani, kwa kuwa halikukanusha maneno ya wapinzani ila liliyashinda kwa utunzi. Mwanahistoria Laura Fair ameonesha kwamba nyimbo za Siti na wenzake zilizungumzia mahakama, dhuluma na maisha ya watu wa Ng'ambo ya mji wa Zanzibar. Kwa hadhira iliyozielewa, hilo ndilo lililokuwa na uzito, na kejeli za sura hazikudumu.

Mfano wa pili ni wa miaka ya 1990. Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuongozwa na Kapteni John Komba, na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, zilishindana kwa mipasho. Khadija Kopa, aliyekuwa ametoka Culture Musical Club ya Zanzibar, aliimba upande wa TOT, na Nasma Khamis aliimba upande wa Muungano. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa za utamaduni Tanzania, ameujadili ushindani huo wa vikundi kwa kina. Mashabiki waligawanyika, matusi hayakukosekana, na wenye vikundi walifaidika. Lakini hukumu ilipitia katika wimbo. Ili kusema kwamba mmoja amemshinda mwenzake, shabiki alipaswa kutaja fumbo lililojibiwa, neno lililogeuzwa maana au ubeti uliomwacha mpinzani bila jibu. Hata asiyempenda mwimbaji alilazimika kuusikiliza wimbo ili amkashifu.

Wasukuma wa Katavi wana jadi nyingine ya mashindano inayosaidia kulifikiri suala hili. Katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, yanayofanyika baada ya mavuno, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Hadhira huhukumu kwa miguu. Kwa hiyo kuhesabu umati si jambo lililoletwa na intaneti. Hata imani kwamba ushindi una nguvu iliyojificha ni ya zamani, kwani viongozi wa ngoma hizo hujulikana pia kwa dawa za kuvuta watu. Tofauti ni ya msingi. Katika uwanja wa ngoma, dawa huhesabiwa kuwa sehemu ya maarifa ya kiongozi, nayo humwongezea sifa. Katika muziki pendwa, nguvu inayodhaniwa kuwa nyuma ya mwimbaji wa kike huhesabiwa kuwa ya mtu mwingine, nayo humpunguzia.

Ulinganishi wa sasa kati ya Zuchu na Nandy umekuwa kwa kiasi kikubwa wa nje ya sanaa. Hutajwa idadi ya watazamaji wa video, wafuasi, matangazo ya biashara, ndoa na mavazi. Namba za watazamaji zina maana yake, kwani zinaonesha mvuto. Lakini aliyefungua video ili aicheke huhesabiwa sawa na aliyeifungua kwa kuipenda. Namba hazielezi ni kitu gani kilichowavuta watu. Kuishia kwenye namba ni kuacha kazi ya uhakiki pale ilipopaswa kuanza.

5.0 Mwili Mbele ya Vyombo vya Maadili

Hukumu za mitaani zinapata nguvu zinapofanana na hukumu za vyombo rasmi. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku video ya wimbo wa "Chura" wa Snura kwa sababu ya uchezaji uliooneshwa ndani yake. Mwanzoni mwa mwaka 2021 Baraza la Sanaa la Taifa lilimfungia Gigy Money kwa miezi sita kutokana na vazi alilopanda nalo jukwaani Dodoma. Machi 2024 baraza linalosimamia sanaa Zanzibar lilimfungia Zuchu kwa miezi sita na kumtoza faini kwa maneno na ishara alizotumia katika onesho la Kendwa.

Wanaume nao wameadhibiwa. Mwishoni mwa mwaka 2018 wimbo wa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz ulipigwa marufuku, na wasanii hao wakafungiwa baada ya kuendelea kuutumbuiza. Katika kesi hiyo kosa lilitajwa kuwa maneno ya wimbo na ukaidi wa amri. Katika mifano miwili kati ya mitatu ya wanawake, kosa lilikuwa mwili: namna ulivyocheza na namna ulivyovikwa. Mfano wa tatu unachanganya neno na ishara.

Makala haya hayadai kwamba jamii haina haki ya kulinda maadili, wala kwamba kila onesho lililoadhibiwa lilikuwa kazi bora. Kinachodaiwa ni kwamba hukumu ya maadili imekuwa mbadala wa uhakiki. "Chura" ulijadiliwa nchi nzima, lakini ni vigumu kupata mjadala uliouweka katika historia ya ngoma za uzazi na harusi ambazo zimetumia uchezaji wa kiuno kwa miaka mingi, ili kuuliza ni nini kinachobadilika uchezaji huo unapotolewa katika faragha ya wanawake na kuwekwa mbele ya kamera. Hilo ndilo swali la kihakiki. Jibu lake lingeweza hata kuwa la kumlaumu msanii, lakini lingekuwa lawama yenye hoja.

6.0 Kutukuza Kunakoficha

Sifa nazo zinaweza kuficha kazi. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na alifariki Aprili 2013. Simulizi nyingi zinazomtukuza zinakaa juu ya umri wake mkubwa, sigara yake na ujasiri wake. Mambo hayo yalikuwa sehemu ya haiba yake. Lakini alikuwa pia mpiga msondo na mwalimu wa unyago, mwanamke aliyehamisha maarifa ya faragha hadi jukwaa la wazi bila kuyatoa yote. Namna alivyoamua kipi kiimbwe hadharani na kipi kibaki ndani ni suala la utunzi. Kushangilia umri wake ni rahisi kuliko kulijadili hilo.

Saida Karoli wa Kagera anatoa funzo la namna nyingine. Wimbo wake wa "Maria Salome" ulienea mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukiwa umeimbwa kwa Kihaya, mbele ya hadhira ambayo sehemu kubwa haikujua lugha hiyo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurejea katika "Salome", na jina la Saida likarudi vinywani mwa vijana. Simulizi iliyotawala ilikuwa ya mwimbaji aliyesahauliwa kisha akakumbukwa. Kwa hadhira ya Katavi, yenye lugha nyingi, swali lenye manufaa zaidi ni jingine: wimbo ambao maneno yake hayakueleweka uliwezaje kupendwa nchi nzima? Jibu limo katika sauti ya kiongozi na kiitikio kinachomrudia, katika mwendo wa ngoma, na katika namna jina la mtu linavyokuwa nguzo ya mwito. Huo ni ufundi, na ufundi huo ulikuwapo kabla ya kukumbukwa na mtu yeyote.

7.0 Mfano wa Uhakiki wa Ufundi

Ili pendekezo la makala haya lisibaki kuwa la jumla, ni vema kuonesha kwa ufupi jinsi ulinganishi wa ufundi unavyoweza kufanyika kati ya wanawake watatu wa vipindi tofauti bila kumtafuta malkia.

Siti binti Saad alirekodi katika santuri ambazo upande mmoja ulichukua takribani dakika tatu. Shairi refu la karamu lilipaswa kupunguzwa, na kila ubeti uliobaki ulibeba mzigo wa beti zilizoachwa. Ufundi wake katika santuri unapaswa kupimwa kwa uteuzi na mkazo.

Shakila Saidi aliimba na Black Star na Lucky Star za Tanga. Bendi hizo ziliacha okestra kubwa ya fidla na kutumia gitaa na besi za umeme. Ala zilipopungua, sauti ya mwimbaji ilibaki wazi. Mwimbaji hakuwa na ukuta wa fidla wa kujificha nyuma yake wala wa kushindana nao. Wimbo kama "Macho Yanacheka", ambao hata jina lake linaashiria uso unaoficha jambo, unahitaji sauti inayoweza kubeba hisia mbili kwa wakati mmoja, na nafasi iliyoachwa na ala ndiyo iliyowezesha hilo. Hapa kipimo ni pumzi, uvutaji na utulivu.

Zuchu anaimba katika enzi ambayo wimbo husikilizwa kwa simu na hupaswa kumshika msikilizaji katika sekunde za mwanzo. "Sukari" ya mwaka 2021 imejengwa juu ya sitiari moja iliyozoeleka, ile ya utamu wa mpenzi, inayorudishwa katika kiitikio kifupi. Mhakiki anaweza kusema kwamba sitiari hiyo haikupanuliwa vya kutosha ikilinganishwa na mafumbo ya taarabu aliyoyarithi. Anaweza pia kusema kwamba wepesi huo ndio uliouwezesha wimbo kuvuka mipaka ya lugha. Kauli zote mbili zinaweza kupingwa kwa kurejea wimbo wenyewe. Huo ndio uzuri wake: hukumu inayoweza kupingwa kwa ushahidi ni uhakiki, na isiyoweza kupingwa hivyo ni uvumi.

Katika ulinganishi huu hakuna aliyeng'olewa kitini. Kila mmoja ameonekana akikabiliana na kizuizi cha wakati wake: urefu wa santuri, uwazi wa ala na haraka ya msikilizaji.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba lugha ya kuwahukumu waimbaji wa kike ina kasoro katika sifa na katika lawama zake. Umalkia unatukuza kwa kugombanisha, kubebwa kunautoa ushindi mikononi mwa aliyeupata, na kujitahidi kunashusha kipimo. Adhabu za maadili na simulizi za kukumbukwa zinaendeleza mkondo huohuo kwa njia nyingine.

Katika Katavi madhara ya lugha hii hayaishii kwa nyota walio mbali. Mkoa unakua kwa kasi, studio ndogo na redio zimewafikia vijana, na wasichana wanaoanza kuimba wanatoka zaidi katika kwaya na ngoma. Msichana aliyezoea kuambiwa kwamba aliuanza wimbo juu mno anajua la kurekebisha. Akivuka kwenda katika muziki pendwa na kuambiwa tu kwamba hamfikii fulani, au kwamba kuna anayembeba, hana la kurekebisha isipokuwa mwili wake na marafiki zake. Kwa hiyo lugha mbovu ya hukumu inamnyima elimu ya kazi yake.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, watafiti wa Kiswahili waongeze tafiti zinazomchukua mwimbaji wa kike kuwa mtunzi na mtenda, sambamba na zile za usawiri. Pili, watangazaji na waamuzi wa mashindano ya vipaji waufuate mfano wa mwamuzi wa kwaya kwa kutaja kipengele cha kazi kabla ya kutoa alama. Tatu, istilahi za uimbaji zilizopo tayari katika kwaya, taarabu na ngoma zikusanywe na kutumiwa katika uhakiki wa bongo fleva, badala ya kuendelea kudhani kwamba muziki huo hauna lugha ya ufundi. Lugha hiyo tayari iko midomoni mwa watu wa Mpanda kila Jumapili; kinachohitajika ni kuipa nafasi katika siku nyingine za juma.